UFAFANUZI KUHUSU UPIMAJI WA MWENDO WA HEWA KATIKA MAABARA

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanajuulishwa kwamba upepo anaouhisi mtu aingiapo maabara si dalili ya usalama. Yanayopaswa kujulikana ni mawili: hewa inaelekea wapi, na inakwenda kwa kasi gani.

Makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu yanapotikiswa au kumiminwa hutoa chembe ndogo mno, zinazoelea hewani kwa muda mrefu. Kwa hiyo kazi hiyo hufanywa katika kabati la usalama, ambalo huvuta hewa ndani kwa kasi ya takriban nusu mita kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo. Hata mtu apitaye kwa mwendo wa kawaida huizidi. Feni ya dari, au dirisha lililo wazi wakati wa kusi, huweza kuzitoa chembe hizo kabatini na kumrejeshea mfanyakazi usoni.

Upimaji huanza kwa mwelekeo. Moshi kidogo hutolewa mbele ya mdomo wa kabati, na wote lazima uingie ndani. Moshi wa udi haufai, kwani joto huupandisha juu, na moto ni hatari penye spiriti. Hutumika kijibomba maalumu kitoacho moshi baridi.

Hufuata kasi. Mdomo wa kabati hugawanywa miraba iliyo sawa. Kipimaupepo, yaani anemometa, huwekwa katikati ya kila mraba, kisha hutafutwa wastani. Mraba mmoja ukiwa chini sana ya mingine, wastani mzuri hautoshi.

Kwa mfano, mdomo wa upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 0.5, kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo 1,080 kwa saa. Hewa hiyo ikitolewa nje ya jengo, chumba cha mita za ujazo 90 hubadilishiwa hewa mara 12 kwa saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 kuhusu maabara za kifua kikuu ulitaja mara 6 hadi 12.

Kwa kuwa kaskazi na kusi hazivumi kutoka upande mmoja, maabara zinazotegemea madirisha zipimwe katika misimu yote miwili, na matokeo yaandikwe. Hewa isielekee ukumbini wanakosubiri wagonjwa.

Wananchi wanaombwa wasifungue milango ya maabara bila ya ruhusa. Mlango uliofungwa si jeuri ya mfanyakazi, bali ni kinga ya wote.