Dole Gumba na Pumzi Sita

Basi la kutoka Masasi lilipoanza kukwea kona za kwenda Newala, bibi niliyekaa naye alifumba macho. Nikadhani kasinzia. Kumbe dole gumba lake la kulia liko kazini: linagusa pingili ya chini ya kidole kidogo, ya kati, ya juu, kisha linahamia kidole cha pete. Midomo inacheza bila sauti.

"Tasbihi nimeisahau nyumbani, mjukuu wangu," aliniambia tulipofika juu. "Vidole nitavisahau wapi?"

Wanayoga nao hugusisha dole gumba na kidole cha shahada, mkono umelala pajani. Ishara hizo huziita mudra. Wapo wanaodai kila kidole kina nishati yake, huyu moto, yule hewa. Hapo mimi simo. Kilichopimwa vizuri ni pumzi.

Mwaka 2001, Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha vipimo vya watu 23 wenye afya waliosali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakakariri mantra, maneno ya yoga yanayorudiwarudiwa. Kote kuwili pumzi ilishuka hadi kama 6 kwa dakika. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Presha ya damu ina wimbi lake la takriban sekunde 10. Pumzi ya sekunde 10 ikilikuta, hupokezana kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja, michi isigongane. Vihisi vya presha vilivyo kwenye mishipa ya shingo navyo huwa vyepesi kurekebisha mapigo ya moyo. Pale Ndanda, wilayani Masasi, walikofika Wabenediktini mwaka 1906, wasali rozari wamezoea mwendo huo bila kipimo chochote.

Na mkono? Ramani ya ubongo aliyoichora daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield huko Montreal inaupa mkono eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Nadhani ndiyo maana mguso mdogo wa pingili unatosha kuishika akili. Isitoshe, kidole kikitunza hesabu, kichwa hakina haja ya kuwaza namba.

Jioni nilijaribu mwenyewe pale Shimo la Mungu, Newala, bonde la Ruvuma likiwa chini yangu na Msumbiji ng'ambo. Pingili moja, pumzi moja. Vidole vinne vina pingili 12, yaani dakika 2 tu. Nilipofika ya saba, kijana akanisogezea kifuko cha korosho: "Za leo hizi, mzee!" Nikanunua, nikarudi kwenye kidole kidogo.