Mkrismasi si mti wa Krismasi

Neno mkrismasi (wingi: mikrismasi, ngeli ya U-I) humponza mfasiri kwa wepesi wake. Huona Krismasi ndani yake, akaandika habari za msonobari uliopambwa kwa taa sebuleni. Kumbe Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke zikiwamo, mkrismasi ni mti wa mapambo na kivuli uoteshwao kando ya barabara na katika nyua. Jina lake la kitaalamu ni Delonix regia, na asili yake ni Madagaska. Umeitwa hivyo kwa sababu huvaa maua mekundu mwishoni mwa mwaka, Krismasi inapokaribia.

Utata mwingine ni mgumu zaidi. Baadhi ya vitabu vya mimea huuita mti huu mjohoro, ilhali kwa Watanzania wengi mjohoro ni Senna siamea, mti kutoka Asia ya Kusini-Mashariki upandwao kwa ajili ya kuni na nguzo. Matini ikitaja "kivuli cha mjohoro" pasipo maelezo, msomaji hajui aufikirie upi.

Maua yakiwapo, shaka huisha: ya mkrismasi ni makubwa, mekundu au ya rangi ya machungwa, na petali moja kati ya tano ina mabaka meupe au ya manjano, ya mjohoro ni ya manjano matupu. Lakini maua hayadumu, hivyo litazamwe jani. Jani la mkrismasi limegawanyika mara mbili: kikonyo kikuu hutoa vikonyo vya pembeni, navyo hubeba safu za vijani vidogo mno, hata jani zima likafanana na unyoya. La mjohoro limegawanyika mara moja tu, na vijani vyake hufikia urefu wa kidole.

Mkrismasi ukipukutisha majani wakati wa kiangazi, hubaki matawi yaliyotanda kama mwavuli na maganda magumu ya mbegu, mengine yenye urefu wa sentimita 50, ambayo yakikauka hulia kama kayamba. Maganda ya mjohoro ni membamba na mafupi zaidi.

Hata mche wa kimo cha goti huonyesha tofauti ya majani. Anayenunua mijohoro ya nguzo na autazame vyema, kwani mizizi ya mkrismasi hutambaa juujuu na huweza kupasua sakafu na kuta zilizo karibu.