Waridi la Manjano: Kulilea Bustanini na Kulipanga Chomboni

Waridi chotara la chai hutambulika kwa umbo lake: shina refu lililonyooka, tumba moja lenye ncha juu yake, na petali pana zinazojikunja kwa nje kadiri ua linavyofunguka. Kundi hili lilipatikana Ulaya kwa kuchanganya mawaridi ya chai yenye asili ya China, yanayochanua tena na tena lakini hayavumilii baridi, na mawaridi ya Ulaya yenye nguvu na maua makubwa. La kwanza kutambuliwa ni La France, lililotolewa na Jean-Baptiste Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1867. Lilikuwa la rangi ya waridi iliyofifia kidogo. Manjano iliyokolea ilikuwa bado haijaingia katika kundi hilo.

Mawaridi ya chai yalikuwa na manjano hafifu tu, inayokaribia rangi ya maziwa. Manjano kali ilikuwa kwa waridi la Uajemi, mti wa miiba mingi unaochanua mara moja kwa mwaka na usiozaa mbegu kwa urahisi. Mkulima mwingine wa Lyon, Joseph Pernet-Ducher, alitumia miaka mingi kuuchanganya na mawaridi ya bustanini, akapata Soleil d'Or, lililotolewa mwaka 1900. Mwaka 1920 alitoa Souvenir de Claudius Pernet, waridi la manjano safi alilolipa jina la mwanawe aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mawaridi mengi ya manjano iliyokolea yanayopandwa leo yana damu ya mti huo wa Uajemi.

Pamoja na rangi, mti huo ulirithisha udhaifu. Ulileta wepesi wa kushambuliwa na ugonjwa wa madoa meusi, na tabia ya matawi kufa kuanzia nchani, hasa yakikatwa mafupi mno. Nayo manjano ya petali, inayotokana na karotenoidi, hupauka juani. Wazalishaji wa mbegu wamepunguza kasoro hizi, lakini hazijaisha. Kwa hiyo mwenye bustani anayepanda waridi la manjano hulilea kama mawaridi mengine, ila katika mambo matatu humlazimu kuwa mwangalifu zaidi: majani yasikae na maji, matawi yasikatwe kupita kiasi, na ua lisiachwe kwenye jua kali muda mrefu.

Kazi huanza kwa kuchagua aina. Aina mashuhuri kuliko zote ni Peace, la manjano hafifu lenye kingo za rangi ya waridi. Lilizalishwa na Mfaransa Francis Meilland, na jina hilo la amani lilitangazwa Marekani tarehe 29 Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha Ulaya. Anayetaka manjano tupu anaweza kutafuta King's Ransom, la mwaka 1961. Elina, la manjano ya limau iliyofifia, linasifiwa kwa majani yake yenye afya. Muuzaji wa miche asipojua jina la aina, angalau aulizwe kama mti huo umekua nje kwenye mvua. Mawaridi ya mashamba makubwa ya Naivasha huchaguliwa kwa ajili ya kukua chini ya paa la plastiki na kusafirishwa mbali, hivyo kipandikizi kilichotolewa kwenye shada la dukani si lazima kistawi uani.

Hali ya hewa ya nyanda za juu, kama Limuru, Arusha au Lushoto, hulifaa sana waridi hili, kwa kuwa usiku wenye ubaridi hulifanya tumba likue taratibu, liwe kubwa na lenye rangi nzito. Kwenye joto la pwani ua huwa dogo na hufunguka haraka. Huko mti upandwe mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri. Kwingineko unahitaji jua la saa 6 kwa siku au zaidi, na upepo wa kutosha kukausha majani. Usiegemezwe ukutani wala kubanwa na miti mikubwa inayougombania maji.

Udongo mzuri ni tifutifu usiotuamisha maji, wenye uchachu kidogo, kiasi cha pH 6 hadi 6.8. Shimo lichimbwe la upana na kina cha sentimita 50 hivi, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri au mboji. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mche uliobebeshwa huwa na uvimbe pale ulipoungwa. Uvimbe huo ukae juu kidogo ya udongo. Kati ya mche na mche paachwe sentimita 75 hadi 90. Nafasi hiyo si ya kupoteza, kwa sababu majani yasiyogusana hukauka mapema baada ya mvua au umande.

Maji yamwagwe chini kwenye shina, asubuhi, mengi kwa mara moja ili yafike kwenye mizizi ya ndani, kisha udongo uachwe ukauke kidogo juu kabla ya kumwagilia tena. Matandazo ya nyasi kavu hutunza unyevu na huzuia matone ya mvua kurusha udongo kwenye majani. Yasigusane na shina. Mbolea iliyosawazishwa iwekwe kidogo kidogo kila baada ya mchanuo. Naitrojeni ikizidi, mti hutoa majani laini yanayowavutia vidukari na kuongeza maradhi.

Katika nchi za Ikweta mwaridi hauna majira ya kulala, hivyo kupogoa ni kazi ya mwaka mzima. Mara moja au mbili kwa mwaka, wakati usio wa mvua kubwa, matawi yaliyokufa, membamba na yanayosuguana huondolewa ili katikati ya mti pawe wazi. Matawi mazima hupunguzwa kwa theluthi moja tu ya urefu. Kila mkato uwe wa mshazari, nusu sentimita hivi juu ya jicho linaloelekea nje, kwa mkasi mkali uliosafishwa. Ua lililonyauka likatwe juu ya jani lenye vijani 5. Chipukizi linalotoka chini ya uvimbe wa kubebeshea ni la mti wa mizizi, na likiachwa huumeza mti wote. Ling'olewe kwa kulivuta, maana likikatwa kwa mkasi huchipua tena.

Madoa meusi husababishwa na kuvu. Jani hupata madoa ya mviringo yenye kingo zisizo sawa, huwa la njano kuyazunguka, kisha huanguka. Vijimbegu vya kuvu hii huhitaji jani lililolowa kwa saa 7 hivi ili viingie, na ndiyo sababu umwagiliaji wa jioni kwa kunyunyizia juu ni hatari. Majani yaliyoanguka yaokotwe na kuchomwa au kufukiwa mbali. Msimu wa mvua, dawa ya shaba au salfa inyunyizwe kabla ugonjwa haujaenea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Salfa isipulizwe wakati wa joto kali, maana huunguza majani. Ubwiri unga, ule utando mweupe kwenye machipukizi, huja zaidi siku kavu zikifuatwa na usiku wenye unyevu. Vidukari huondolewa kwa maji yenye nguvu au maji ya sabuni. Utitiri mwekundu hujificha chini ya majani wakati wa kiangazi. Vithiripi hupenda maua ya rangi nyepesi, manjano ikiwemo, na kuyaachia kingo za kahawia. Matumba yaliyoharibika yakatwe na kutupwa.

Anayetaka ua kubwa la kuweka sebuleni huondoa kwa kidole matumba madogo ya pembeni yangali machanga, ili chakula chote kiende kwa tumba la juu. Kukata hufanywa asubuhi mapema au jioni. Dalili ya wakati ni vile vijani vya kijani vilivyolifunika tumba kulegea na kushuka, na petali za nje kuanza kuachia. La manjano hukatwa mapema kidogo kuliko jekundu, na hapo pia huepushwa na jua linalopausha rangi yake. Shina litumbukizwe majini papo hapo, na likae mahali pa baridi na giza kwa saa chache kabla ya kupangwa.

Kabla ya kupanga, majani yote yatakayozama yaondolewe, na ncha ya shina ikatwe tena kwa mshazari, sentimita 2 hivi, ikiwa ndani ya maji ili hewa isiingie. Shingo ya ua ikiinama, mara nyingi ni kwa sababu ya hewa au uchafu ulioziba shina. Hukatwa upya, kisha shina zima hulazwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja. Kijiko cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau na matone machache ya dawa ya kung'arishia nguo katika lita moja ya maji hulisha ua na kuzuia bakteria.

Waridi hili halihitaji kurundikwa. Maua 3 au 5 yanatosha chombo kimoja, la juu likiwa na urefu wa mara moja na nusu ya kimo cha chombo, mengine yakishuka kwa ngazi na kutazama pande tofauti. Lililofunguka zaidi liwekwe chini katikati, na matumba yaliyofungwa juu na pembeni. Chombo chenye mdomo mpana huwekewa utepe mwembamba uliokatizana juu yake, na kila shina likapita kwenye tundu lake. Zambarau na buluu huipa manjano nguvu, nyeupe huituliza, na matawi ya mrehani huongeza harufu pale ua lenyewe linapokuwa na manukato haba.

Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na chombo kisiwekwe karibu na ndizi au maembe yanayoiva, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka humo huharakisha kunyauka. Mti uliokatwa ua huchukua wiki 6 hadi 8 hivi, kutegemea joto, kabla ya kutoa jingine. Mwenye miti kadhaa akiikata kwa zamu, atakuwa na waridi la manjano nyumbani sehemu kubwa ya mwaka bila kuichosha.