CHAJIO CHA JUMA ZIMA
Namna ya kupanga chakula cha jioni katika nyumba ya mkulima

Jioni ni saa ngumu katika nyumba ya mkulima. Mama ametoka shambani amechoka, watoto wamerudi kutoka shule wana njaa, ng'ombe wanataka kufungwa zizini, na kuni bado hazijapasuliwa. Ndipo swali linapoulizwa: "Leo tutakula nini?" Swali hilo likiulizwa saa 12 jioni, jibu lake huwa lile lile la jana, yaani ugali wa muhogo na kitoweo kidogo, au ugali na mchuzi wa chumvi tu.

Karatasi hii yaeleza namna ya kulijibu swali hilo mara moja kwa juma zima, ili kazi ya jioni iwe nyepesi na chakula kisiwe cha namna moja. Imeandikwa kwa ajili ya wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama, hasa wale wanaouza na kununua katika soko la Mwigobero.

1. Kwa nini chakula kibadilishwe

Watu wengine husema kwamba kubadili chakula ni anasa ya wenye fedha. Sivyo. Muhogo hushibisha na kutia nguvu za kazi, lakini una kidogo sana cha kujenga mwili. Mtoto alaye muhogo mtupu atashiba, wala hatakua vema.

Tena liko jambo lililo zito zaidi. Mwaka 1985 wilaya ya Tarime, katika mkoa wetu huu wa Mara, ilipatwa na ukame. Mazao mengine yalipungua, watu wakabaki na muhogo mchungu, na kwa kuwa njaa haingoji wakafupisha kazi ya kuutengeneza. Baadhi yao wakashikwa na ugonjwa uitwao konzo. Huo ni ugonjwa ambao miguu yote miwili hukakamaa kwa ghafula, na mtu aliyelala mzima huamka hawezi kutembea kama jana. Huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wala miguu hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Jina hilo limetoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa huo kutoka nchi ya Kwango mwaka 1938.

Chanzo chake ni mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni sumu ya muhogo mchungu usiotengenezwa vema. La pili ni ukosefu wa kitoweo, maana mwili huiondoa sumu ile kwa msaada wa protini zenye salfa, nazo hupatikana zaidi katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Basi nyumba yenye dagaa chunguni mara kwa mara, na yenye muhogo uliolowekwa siku zake zote, imejilinda pande zote mbili. Na nyumba isiyopanga chakula chake ndiyo ambayo siku moja hujikuta haina unga wala kitoweo, ikalazimika kufanya haraka.

2. Sehemu za chajio

Usijaribu kubuni chakula kipya kila siku. Kumbuka sehemu tatu tu, na kila jioni uzione zote katika sinia.

Sehemu ya kwanza ni chakula cha kushibisha: ugali wa muhogo, mtama, ulezi au mahindi, viazi vitamu, ndizi, au wali. Ugali wa udaga uliochanganywa na unga wa mtama au ulezi hufaa kuliko wa muhogo peke yake.

Sehemu ya pili ni kitoweo cha kujenga mwili: dagaa, samaki, maharage, kunde, choroko, karanga, mayai, maziwa, kuku au nyama.

Sehemu ya tatu ni mboga za majani: mchicha, mgagani, mnafu, matembele, majani ya kunde au kisamvu. Zitiwe mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, kwa kuwa vitamini A iliyomo katika majani haiingii vema mwilini pasipo mafuta. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vina vitamini hiyo kwa wingi.

Ukiwa na ndimu, chungwa, embe au papai, mpe kila mtu kidogo pamoja na chakula. Tunda la namna hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai nayo huyazuia. Yafaa inywewe baadaye, si pamoja na chakula.

3. Kununua dagaa kwa kufuata mwezi

Mwigobero ni mahali pa bahati. Ziwa liko mlangoni, na kivuko cha kwenda na kurudi Kinesi huleta watu na mazao ya ng'ambo. Lakini mnunuzi asiye na mpango hununua siku ambayo kitu ni ghali.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vema katika siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru yake huenea juu ya maji, taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo nunua dagaa wakavu wakati wa giza, wa kutosha siku zote za mbalamwezi. Kibaba kimoja chatosha chajio cha watu sita.

Chagua dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, wenye rangi ya fedha na wasio na harufu ya kuoza. Waliokaushwa mchangani wana mchanga, na mwenye kula mchanga amenunua mchanga kwa bei ya samaki. Waweke katika chombo kikavu chenye kifuniko.

4. Ratiba ya juma moja

Ipe kila siku kitoweo chake. Baada ya majuma machache hata mtoto atajua kwamba leo ni siku ya maharage, na atayaloweka bila kuagizwa.

Jumatatu: ugali wa udaga na mtama, dagaa waliokaangwa kwa vitunguu na nyanya, na mchicha.

Jumanne: maharage, viazi lishe vya kuchemsha, na mgagani uliopikwa kwa maziwa. Maharage yapikwe mengi ili yatumike siku mbili.

Jumatano: maharage yaliyobaki, yachemshwe tena sana, yapondwe na kutiwa karanga, ugali wa ulezi na mahindi, matembele.

Alhamisi: samaki wabichi, sato au kipande cha sangara, katika mchuzi wa nyanya na ndimu, ugali wa udaga, mnafu. Kichwa cha sangara si cha kutupa, hutoa mchuzi mzuri kwa fedha chache.

Ijumaa: mseto wa mchele na choroko katika chungu kimoja, pamoja na majani ya kunde. Choroko huiva upesi, kwa hiyo siku hii iwe ile ambayo kazi ya shamba ni nyingi kuliko zote.

Jumamosi: kisamvu kwa karanga na dagaa waliotwangwa, ugali wa mtama. Kisamvu nacho kina sumu kama muhogo. Kitwangwe sana, kisha kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa. Ndiyo sababu hatukukiweka katika siku ya haraka.

Jumapili: mayai, au kuku ikiwa yuko, pamoja na ndizi au wali na mboga yo yote iliyopo bustanini.

Wenye kushika Sabato wageuze siku kwa kadiri ya ibada yao, wapike kisamvu Ijumaa mchana au Jumapili. Katika mfungo, kadhalika, mpangilio ufuate saa za kufuturu. Ratiba ni mtumishi wa nyumba. Kitoweo kimoja kikikosekana, badili kwa kingine cha sehemu ile ile: dagaa mahali pa samaki, kunde mahali pa maharage. Usiache sehemu nzima.

Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, mboga huadimika. Majani ya kunde na mgagani yakaushwe kivulini mvua inapokwisha, yatunzwe katika chombo kisichoingiza unyevu.

5. Kupika maharage usipokuwapo

Maharage humtisha mwenye haraka kwa sababu huchelewa kuiva na hula kuni nyingi. Fanya hivi. Usiku uliotangulia yaloweke katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, uyachemshe kwa moto mkali kwa muda wa nusu saa. Kisha ondoa chungu kikiwa na kifuniko chake, ukitie upesi katika kapu kubwa lililojazwa majani makavu au nguo za zamani, ukifunike pande zote hata moto usipate njia ya kutoka. Nenda shambani. Utakaporudi mchana maharage yatakuwa yamelainika. Yachemshe tena sawasawa, uunge, ule.

Ule moto mkali wa kwanza usiachwe, hasa kwa maharage mekundu, kwani yana kitu kinachoumiza tumbo yasipochemka vema.

6. Udaga usipikwe kwa haraka

Muhogo mchungu una faida: wezi na wanyama hawaupendi, nao huvumilia jua. Lakini wakati wa ukame sumu yake huzidi, na hata muhogo mtamu haubaki salama kama kawaida yake. Kwa hiyo fuata njia hii pasipo kupunguza kitu.

Menya, osha, kisha loweka katika maji yanayoufunika wote. Uache siku 3 au 4, na zaidi ikiwa kuna baridi, mpaka ulainike hata kidole kiingie. Utoe, ukamue maji, uumege vipande vidogo, uanike juani juu ya kichanja au turubai hata ukauke kabisa. Ndipo usagwe.

Tangu kuchimba hata kusaga yaweza kupita siku 10. Mwenye kungoja unga uishe hana siku 10 za kungoja, ana watoto wenye njaa usiku ule ule. Hapo ndipo makosa hutokea. Basi shika kanuni hii: unga ukifika nusu ya debe, siku hiyo hiyo chimba muhogo mwingine uuloweke.

Na ikiwa umenunua unga usioujua ulivyotengenezwa, uko ulinzi mmoja. Changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze juu ya sinia katika tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hugeuka hewa na kutoka. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Njia hii huongeza usalama, wala haichukui mahali pa kuloweka.

7. Kazi ya baba na ya watoto

Yafaa baba asiseme kwamba habari za chungu hazimhusu. Ratiba hii haiwezi kutimia bila fedha ya dagaa iliyotengwa mapema, kuni zilizokauka, na bustani ndogo karibu na maji ya kunawia na kuoshea vyombo. Matuta matatu ya mchicha, mgagani na nyanya, yaliyopandwa kwa kupishana majuma mawili mawili, hutoa mboga pasipo kwenda sokoni. Watoto wakubwa waweza kumwagilia, kuchuma na kuloweka maharage, wavulana sawa na wasichana.

Kaeni pamoja jioni moja, mume na mke, mwandike ratiba yenu kwa vitu mlivyo navyo, muitundike ukutani jikoni.

Mambo ya kukumbuka

1. Kila jioni sehemu tatu: shibe, kitoweo, mboga.
2. Nunua dagaa wakati wa giza, kabla ya mbalamwezi.
3. Loweka maharage usiku, yachemke nusu saa, kisha kapuni.
4. Udaga ulowe siku 3 au 4 na ukauke kabisa.
5. Unga ukifika nusu ya debe, chimba muhogo mwingine.
6. Karanga na nafaka zenye ukungu zisiliwe.

Mwenye swali na amwendee bwana shamba wa kata yake. Na kama katika nyumba yo yote mtu ameamka miguu imekakamaa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na jirani zake wote wautazame upya muhogo wanaoula.