Somo la Sheria Huanzia Siku ya Kukamatwa

Kutojua sheria si kisingizio cha kuivunja. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 7 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, nacho hakimwachi nje mwanafunzi wa shule ya upili. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Asiyetimiza miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, isipokuwa mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Akishavuka umri huo, kinga hiyo hana tena.

Hata hivyo, shuleni kwa kawaida Katiba hufundishwa kuanzia mihimili ya serikali, na mwanafunzi huikariri hadi mtihani kisha akaisahau. Afadhali somo lianze na kisa. Simu imepatikana ndani ya begi la mwanafunzi, na si yake. Darasa zima litasema ni mwizi, na hapo ndipo pa kufundishia jinai. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu wizi, hakitosheki na kuchukua tu: lazima mtu awe amechukua kitu kwa hila, bila haki ya kukidai kitu hicho, na kwa nia kama ile ya kumnyima mwenyewe kabisa. Aliyebeba simu ya mwenzake kwa kuwa inafanana na yake hana nia hiyo. Na kuithibitisha nia hiyo, pasi na shaka ya msingi, ni kazi ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa hana deni la kuthibitisha kwamba hana hatia. Kijana akilielewa hili moja, amepata nusu ya somo.

Kisa kikifika kituo cha polisi, Kanuni ya Adhabu huipisha Katiba ya 2010. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe kwamba ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, na halazimishwi kukiri. Sheria ya Ushahidi inaongeza kwamba ungamo likitolewa kwa polisi, afisa huyo asiwe chini ya cheo cha inspekta, asiwe ndiye anayechunguza kesi, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa.

Kifungu cha 49 pia kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo wanafunzi wazihesabu ubaoni. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa zake zinakwisha Jumamosi jioni, mahakama imefungwa. Katiba basi inaruhusu hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu kama si sikukuu. Wengi hushangaa, na ni vyema washangae darasani kuliko korokoroni. Kwa mtoto, kifungu cha 53 kinaongeza masharti: azuiliwe tu pale ambapo njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima.

Baada ya hapo darasa ligeuzwe mahakama. Mmoja awe hakimu, mwingine kiongozi wa mashtaka, mwingine afisa aliyekamata. Anayemtetea mshtakiwa asikimbilie kuuliza ni nani aliyeichukua simu. Amwombe afisa afungue kitabu cha matukio, kisha asome kwa sauti saa ya kukamatwa iliyoandikwa humo.