Jebel Shams: Ukingoni mwa Korongo la Oman

Joto la Muscat likishapita nyuzi 40, wenye watoto huanza kuitazama milima ya Hajar. Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, uko mwendo wa kilomita 240 hivi, na familia huondoka alfajiri na birika la kahawa, tende na mkeka, bibi akiwa kiti cha mbele. Ndani ya baadhi ya magari hayo mazungumzo ni ya Kiswahili. Waomani wengi waliokulia Zanzibar walihamia huku baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na Kiswahili hakijatoka majumbani mwao.

Njia inapita Nizwa. Mnara mkubwa wa mviringo wa ngome yake ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Majeshi ya mwanawe ndiyo yaliyoiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Mtoto mwenye asili ya Pwani ana haki ya kuonyeshwa mnara huo.

Kutoka Al Hamra barabara hupanda kona baada ya kona, na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ndilo la kutegemewa. Kisha, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, ardhi inakatika ghafla.

Chini ni Wadi Nakhr, korongo lenye kina cha mita 1,000 hivi. Tumbusi, ambao kwingine mtu huwatazama kwa kuinua shingo, hapa wanaonekana migongo.

Korongo hili lilichimbwa na maji, ingawa nchi ni kavu. Kuta zake ni mawe ya chokaa, yaliyotokana na matope na makombe ya bahari isiyo na kina iliyofunika eneo hili zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita. Arabuni iliposukumana na Asia, sakafu ya bahari hiyo ikakunjwa na kuinuliwa hadi kuwa milima. Mvua ni ya nadra, lakini ikinyesha huko juu haikuti msitu wala udongo wa kuinywa. Inashuka yote kwa mkupuo, na mawe inayoyakokota huzidi kuuchimba mwamba. Kwa hiyo msipike wala kulala katika mkondo mkavu, hata kama mbingu ni safi, kwani mvua iliyonyesha mbali inaweza kuwafikia.

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba watu waliishi ndani ya ukuta huo. Njia nyembamba inaanzia kijiji cha Al Khitaym na kuambaa katikati ya genge kwa zaidi ya kilomita tatu hadi As Sab, mahame ya nyumba za mawe zilizojibanza chini ya mwamba. Matuta ya mashamba bado yapo, yamekingwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono, na maji yake yalitoka katika chemchemi ya hapo hapo. Walilima na kulea watoto, na hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na shimo la mamia ya mita. Wenye vijana waliozoea kutembea waende wakaone, ila mdogo abaki juu na bibi.

Huko juu nako hakuchoshi. Mbuzi huja hadi milangoni mwa magari kutafuta maganda ya ndizi, na watoto wa wenyeji huuza bangili na vishikizo vya funguo vilivyosukwa kwa sufu nyekundu na nyeusi. Nunueni, maana ufumaji wa sufu ni kazi ya asili ya mlima huu na familia za hapa huutegemea.

Bebeni masweta, usiku wa kipupwe baridi huweza kushuka chini ya sifuri. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ukingo haina kizuizi, mshike mtoto mkono kabla ya kutoa simu ya kupigia picha, wala usimwachie mpaka mrudi garini.