Taa ya upepo ikiwaka, pima kwanza

Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini na kutembea hapa Kinondoni yana kipimaji cha upepo ndani ya kila tairi, kwenye valvu. Marekani ililazimisha mfumo wa kuonya upepo wa tairi unapopungua kwa magari madogo mapya yote tangu mwaka 2007, na Ulaya tangu 2014. Upepo ukipungua sana, taa ya njano yenye alama ya mshangao huwaka kwenye dashibodi.

Taa ikiwaka moja kwa moja, upepo ni mdogo. Ikimetameta kama dakika moja kisha ikabaki imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Mara nyingi ni betri ya kipimaji, ambayo hudumu miaka 5 hadi 10. Kwa kawaida betri hiyo haibadilishwi peke yake. Hubadilishwa kipimaji kizima.

Fanya hivi:

1. Pima matairi yakiwa ya baridi, kwa geji, si kwa kuyapiga teke.
2. Jaza kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.
3. Kama gari lina kitufe cha kuweka upya, kibonyeze sasa, kwa kufuata kitabu cha gari.

Usianze na kitufe. Katika magari mengi, ukikibonyeza tairi likiwa na upepo mdogo, gari hukubali kiwango hicho kuwa sahihi. Taa itazimika, lakini tairi litaendelea kupata joto na linaweza kupasuka njiani.

Mwambie pia fundi pancha kuhusu kipimaji kabla hajabandua tairi, asije akakivunja.